Neno Nililotarizi kwenye Shati la Anselme

Alhamisi, Novemba 1998. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ya Brussels isiyojua kunyesha wala kuacha. Nina hasira kama kawaida yangu, ila leo hasira haina wa kumwangukia isipokuwa mimi.

Wanawake wa Kivu wanaokutana katika ukumbi wa parokia, hapa Uccle, wanashona blanketi la viraka la kuwakumbuka watu wetu waliokufa vitani kule Kongo. Kila kiraka kinakatwa kwenye nguo ya marehemu na kutariziwa jina lake. Jumapili litatundikwa, na picha zitapigwa. Mashine ya kutarizi naiendesha mimi, mwanamume pekee, kwa sababu moja tu: nilisoma kitabu chake cha maelekezo chote, hadi kurasa za Kijerumani.

Unalaza kitambaa juu ya tabaka la pamba, unavibana pamoja kwenye fremu ya plastiki mpaka vikaze kama ngozi ya ngoma. Mashine inatarizi jina, kisha inapitisha mistari ya kushikanisha kitambaa na pamba. Fremu ni sentimita kumi kwa kumi. Maisha ya mtu, sentimita kumi! Nililalamika sana juu ya hilo, mpaka Maman Béa, mmoja wa washonaji, akacheka: "Prof, hata mashine unaifanyia discours, unaihutubia?"

Miaka yote nimepigana na neno "alifariki". Nimeliandikia makala, nimegombana na mapadre na wanadiplomasia kwa ajili yake. Wanaofariki ni wazee vitandani mwao. Watu wetu waliuawa.

Jana Maman Furaha alileta shati la mumewe, Anselme. Mistari ya buluu, kola imechakaa. Ndiyo nguo pekee ya mumewe aliyotoka nayo Bukavu. Alinionyesha pa kukata, kifuani, akasema nitarizi jina tu. Kisha akaenda kazini, mtaa wa Auderghem, kwa bibi kizee mgonjwa anayemtunza.

Nikatarizi jina. Chini yake ikabaki nafasi.

Nikaongeza ALIUAWA, kwa uzi mwekundu.

Sikumuuliza. Niliona fahari, nakiri. Nilikitazama kiraka kile kama ninavyotazama makala yangu ikitoka gazetini.

Leo alipokiona hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Papa Prof, nilikuambia jina. Ile ingine nani alikuomba?"

Nikaanza kueleza habari za ukweli na historia. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Bon. Wewe uko huku, unakula frites zako za viazi. Mutoto wangu Neema eko Bukavu, na bale babaya benye balimuua baba yake ndio banatawala kule. Picha itafika. Donc batauliza: huyu Anselme ni baba ya nani?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya vitabuni.

Nikakaa kufumua. Mashine inashindilia nyuzi, na uzi wa chini unakuwa umeshashika pamba. Ilinichukua saa tatu kwa kiwembe, herufi saba, naye ameketi mbele yangu bila kuvua koti. Wekundu uliisha. Matundu ya sindano yakabaki. Nilipoinua kitambaa dirishani, neno lilisomeka kwa mwanga, wazi kabisa.

Akauliza kama yataziba akikifua. Nikasema ndiyo.

Sijui. Kitabu hakisemi.

Alikikunja kiraka, akakitia katika mkoba pamoja na shati lenye tundu kifuani, akasema Anselme hatatundikwa. Kisha akaniaga kwa heshima, "Kwaheri, papa," na hiyo heshima ndiyo imenimaliza.

Neno lenyewe ni la kweli, hapo sijabadili msimamo. Lakini ujasiri ule niliufanyia kwenye shati la mtu mwingine, na atakayeulipia, kama itabidi kulipa, ni msichana ambaye sijawahi hata kumwona.

Jumapili blanketi litakuwa na pengo la sentimita kumi. Mimi ndiye msemaji, hotuba nimeshaiandika, kurasa sita, "kwa niaba ya wajane wetu".

Nimesimama nayo hapa. Nani alinituma?