Kidole Kisichokunjika

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza vingine.

Tangu tukuzike hapa Uyui nimefanyiwa upasuaji. Ni kile kidole cha kati cha mkono wa kulia, kilichobanwa na kamba mara ya mwisho tuliporina asali pamoja. Ulikivuta, ukakipaka asali, ukakifunga kwa gome la mti huku unanicheka: "Kabula, utaolewa na vidole tisa." Kumbe mfupa ulikuwa umepasuka ndani ya kiungo. Sikulaumu, Baba. Au nakulaumu kidogo, siku za baridi.

Daktari ameondoa kiungo kilichoharibika, akaunganisha mfupa na mfupa kwa waya. Maumivu karibu yote yamekwisha, ila kidole hakikunjiki tena. Alinipa kifaa cha kupimia nguvu nikibane kwa kila mkono, na mshale wa mkono wa kulia ukasimama mbali nyuma ya ule wa kushoto. "Nguvu zitarudi, dada, lakini si zote. Vitu vyembamba vitakuponyoka."

Na kamba yetu ni nyembamba.

Sasa mdogo wangu Masanja ndiye anayepanda mitini kurina. Mimi ndiye wa kubaki chini, kushika kamba aliyojifunga kiunoni, pale uliposimama wewe na kutuambia mshika kamba hapigi chafya. Alipoona bandeji imetoka aliniuliza, "Dada, umepona?" Nikamjibu nimepona. Niliogopa kuachwa nyumbani wenzangu wakiingia porini.

Jana nilijipima peke yangu. Nilipitisha kamba juu ya tawi, nikaning'iniza gunia la mahindi, nikashika. Nilihesabu, sikufika hata ishirini. Vidole vingine navyo vikaanza kufunguka, Baba, kimoja kimoja, mimi natazama, siwezi kuvizuia. Gunia likaanguka, likapasuka. Nilizoa yale mahindi huku namwona Masanja pale chini.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Lakini kifo hiki si changu.

Kesho asubuhi tunaingia porini. Naogopa. Naogopa hiyo miti, naogopa na uso wa Masanja akijua nilimdanganya. Hata hivyo nakuahidi: kabla hajajifunga kamba nitamwonyesha mkono huu mbele ya wote, nimwambie haushiki. Ashike mwingine, hata kama sitaitwa porini tena.

Pumzika, Baba. Mwanao wa kiume atarudi nyumbani kwa miguu yake.

Kabula