Masikio ya Ndama Nitashika Mimi

Kasansa, Mpimbwe
Katavi
Jumapili, 10 Machi 2024

Mpendwa shemeji Malale,

Mwangaluka! Najua barua itakufika jioni, lakini salamu ya asubuhi haiozi. Habari za huko Meatu? Magoti ya mama mkwe yanaendeleaje? Mvua imewafikia, au bado mnaangalia mawingu tu? Sisi huku wazima. Mpwa wako Agape anaenda shule, mpunga umesimama vizuri, na tope limefika hadi mlangoni. Mwilini sina neno. Neno liko moyoni, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Utajiuliza kwa nini sijapiga simu. Shemeji, wewe simu yako siku zote iko spika, ukweni wote wangesikia. Barua hii nampa Egide, jirani yetu anayekuja huko kutafuta madume ya ng'ombe, akukabidhi mkononi. Isome peke yako.

Ni habari ya dada yako, Scola. Nina wivu, nasema wazi, na sioni haya kwako kwa sababu wewe ndiye uliyenipa mke. Kuna mwanaume huku anaitwa Laurence. Ni bwana mifugo, kijana wa Kifipa, ana pikipiki na buti za mpira ambazo sijui anaziosha saa ngapi maana hazina tope hata wiki ya mvua. Alikuja na chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe, akaomba kitongoji kimpe mtu wa kumsaidia kushika ndama. Watu wakamtaja dada yako, eti ng'ombe wanatulia mikononi mwake. Nikakubali. Mjinga mimi!

Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna habari nyingine. Laurence kasema hivi, Laurence kasema vile. Nikila ugali naletewa ndigana. Nikilala, ndigana. Nimejua mambo ya kijidudu cha ugonjwa huo kuliko ninavyojua mambo ya ukoo wangu, na yote nimeyasikia kwa mdomo wa mke wangu akiwa na jina la mwanaume mwingine ulimini.

Ngoja nikueleze na wewe uone anavyonitesa. Kumbe kupe akiuma sikio la ng'ombe, anamtemea vijidudu. Mwili una seli nyeupe, ndiyo askari wake. Sasa hicho kijidudu hakipigani na askari wala hakimuui. Kinaingia ndani yake. Askari anakizungushia ngozi ili akimeng'enye, chenyewe kinaichana ile ngozi, kinatoka, kinajikalia humo humo. Halafu kinamwamuru askari azae. Naye anazaa, shemeji! Anajigawa wawili, na kijidudu kinajigawa naye, kila mtoto anatoka na mgeni wake tumboni. Ndiyo maana tezi ya chini ya sikio inavimba, maana imejaa askari wasiojua wanamtumikia nani. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu ni mgeni njoo mwenyeji akome.

Scola alipomaliza kunisimulia hayo macho yakimng'aa, mimi nilikuwa namuwaza mgeni mwingine kabisa.

Na bado. Juzi Laurence alikuja na hadubini, akaiweka juu ya meza ya jirani yetu Mwandu. Alikuwa ametoa maji kidogo kwenye tezi ya ng'ombe mgonjwa, akayapaka kwenye kioo na kuyatia rangi. Watu wote wakachungulia, hawakuona kitu. Dada yako akainama, na Laurence akainama pembeni yake kumwelekeza, vichwa vimekaribiana hivi. Mara Scola akapiga kelele, "Nimekiona! Kiko ndani ya seli!" Akaruka kama mtoto. Shemeji, hata siku ya harusi yetu hakufurahi vile, na wewe ulikuwepo.

Basi ilipofika zamu ya zizi langu nikakataa. Nikasema ng'ombe wangu mimi Nkwabi hawachanjwi. Scola akanieleza kwamba chanjo yenyewe ni kijidudu kile kile kikiwa hai, kinachomwa pamoja na dawa ya kukipunguza nguvu ili mwili ukijifunze, na ndama akipata mara moja inamtosha maisha yake. Nikamjibu sijawahi kuona mtu anafungulia mwizi mlango ili amzoee. Ukweli ni kwamba sikuwa nawaza vijidudu. Nilikuwa nawaza mikono. Yeye anashika masikio, Laurence anachoma chini ya sikio hilo hilo. Nani atavumilia?

Kwa hiyo nakuomba kama kaka yake mkubwa, uje umkanye. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mimi nikisema anacheka tu.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji, Egide hajaondoka, barabara imekatika. Naendelea.

Yule mtamba mwekundu ameugua. Ni mtoto wa ng'ombe uliyetuzawadia alipozaliwa Agape, unamkumbuka mama yake. Jumatatu asubuhi alibaki nyuma ya wenzake, kichwa chini, machozi yanamtoka. Nikashika chini ya sikio nikakuta tezi kubwa kama embe. Wale ndama wa Mwandu waliochanjwa wanarukaruka huko, na huyu wangu anahema kwa shida.

Nikawasha moto nipate chuma cha kuchoma tezi, kama alivyokuwa anafanya baba. Scola akasimama mbele yangu. Hakugomba. Akasema, "Baba Agape, unachoma nyumba, na kijidudu kimeshahama, kimesambaa mwili mzima. Ipo dawa inayokifuata humo ndani ya seli. Kijidudu kikifa, seli inaacha huo wazimu wa kuzaana. Lakini ni leo. Akianza kutoa povu puani, tumemkosa."

Nikamwambia asimpigie Laurence. Akasema hapigi, zizi ni langu, nipige mimi. Akaingia ndani.

Nilikaa pale na chuma changu. Mtamba akakohoa. Ee Mungu wangu, akakohoa tena. Nikaenda nikachukua simu ya dada yako kutafuta namba, nikakuta ameiandika "Bwana Ndigana". Hata jina lake hakuliweka. Sijui nilifurahi au nilizidi kukasirika, ila nikapiga.

Laurence alikuja, buti safi. Akampima joto, akachoma dawa, akakaa kumwangalia. Halafu akaanza kuuliza maswali: ameacha kula lini, anakunywa maji kiasi gani, kupe huwa wanakaa upande gani. Yote alimuuliza Scola. Mimi mwenye zizi nimesimama kama mgeni, na Scola anajibu moja baada ya lingine bila kukwama. Kumbe anajua hadi ng'ombe gani hupenda kujikuna kwenye mti gani! Mimi sijui.

Alipoondoka nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza mke wangu usoni kwake, huyu mwanaume ana nini ambacho mimi sina? Buti?

Akaniangalia. Akasema, "Ananiuliza. Miaka yote hii nakamua ng'ombe wako, wewe unanituma tu. Hujawahi kuniuliza hata siku moja ninaona nini."

Shemeji, nikachukua chuma changu nikakirudisha ndani. Maneno hayo nimeyabeba tangu juzi.

Leo mtamba amenyanyuka, amekunywa maji na kula majani kidogo. Tezi imeanza kupungua. Laurence amesema wazima wanaweza kuchanjwa kesho, na huyu mgonjwa tutamwacha mpaka apone kabisa. Nimekubali. Kwa hiyo lile ombi langu la Jumapili lifute, usije kumkanya mtu. Ukija, njoo umsalimie mtamba wako.

Ila wivu haujaisha, usidhani nimepona. Nimewaambia wote wawili kwamba kesho masikio nitashika mimi. Scola atakaa mbele ya ndama anione na yeye amsemeshe huyo Laurence kwa mbali. Wamecheka, na wacheke.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya magoti namtumia kwa Egide. Msalimie shemeji Yohani na mkewe, na watoto wote mpaka yule mdogo asiyenijua. Agape anasema shikamoo mjomba. Mungu awape mvua ya kutosha na mifugo isiyo na kupe.

Ndimi shemeji yako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Nkwabi

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimemuuliza dada yako kesho tuanze na ndama yupi, na kwa nini. Amenivutia kigoda, akaniambia nikae, maana ni habari ndefu.