Kikohozi Nilichokiandikia Hapana

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa ukimya wa wiki tatu. Nikirudi jioni nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Huku Kharumwa tunapita nyumba kwa nyumba na dodoso, kuuliza moshi wa ule moto wa nyika umewafanya nini watu vifuani. Vilima bado vyeusi, na maji ya kunywa yana ladha ya majivu. Jumanne nilimuuliza mama mmoja kama kwake kuna anayekohoa. Akasema hakuna. Papo hapo mtoto aliyembeba mgongoni akakohoa mpaka akatapika.

"Na huyu je, Mama Shija?"

"Huyo kapaliwa na uji."

"Tangu lini?"

Akacheka kidogo. "We dada, andika hapana. Nikisema ndiyo, kesho mtaniuliza nani kawasha moto."

Nikaandika hapana, maana nyumba sita zilikuwa bado zinanisubiri. Mtoto mwenyewe rika moja na Neema wangu niliyekuachia, na sikumwambia hata ampeleke zahanati. Jana nilirudi kumweleza kwamba hatumtafuti aliyewasha. Mlango umefungwa. Jirani akasema wamehamia machimboni, Rwamgasa. Najuta, mama.

Kwa hiyo Neema akikohoa usinifiche kwa kunihurumia, na ukipuliza kuni usiwe naye mgongoni. Mbusu sana. Kwa basi la Ijumaa nitumie viatu vyangu vya kufunika, kitenge cha bluu, michembe kidogo ya viazi vitamu, na habari ya kifua chake kama ilivyo.