Mbawala wa Saa Mbili Asubuhi

Chole, Kisarawe,
20 Julai 1953.

Mpendwa mwanangu Adamu,

Shikamoo yako imefika salama, nami naijibu, marahaba sana. Hujambo huko Uskoti? Ule mguu ulioteguka melini umepona? Unapata chakula cha moto? Sisi sote wazima, Alhamdulillahi, ila goti langu la kulia, nalo silihesabu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya tatu, maana nikimpa mtu aniandikie atapunguza mambo.

Mwanangu, ile barua uliyoandika wakati wa theluji nimeisoma hata karatasi imelegea. Hasa habari za mzee mwenye nyumba unayokaa, yule mwindaji. Kwamba theluji ikikaribia kuanguka, swala wao wakubwa wenye pembe kama matawi hula sana. Ikianguka, huteremka mlimani kutafuta majani. Na baada ya usiku wa baridi kali hutafuta upande wenye jua usio na upepo, wakalala hapo wazito, hawainuki upesi. Mambo hayo mimi nilikuwa nayajua kabla hujazaliwa. Theluji sijaiona, lakini baridi ni baridi. Barua yako ilinikumbusha tu.

Na ilinikumbusha kwa wakati wake. Dada yako Mwanakheri ameolewa Ijumaa hii iliyopita, na Mbaraka, kijana wa jirani yetu, alikuwa anataka kuninyang'anya gobore.

Ngoja nikueleze. Wanyama wawili niliowapiga mwaka huu walikufa kabla sijawafikia na kisu. Goti. Nyama isiyochinjwa ikaachwa porini, watu wakasema. Mbaraka akaenda barazani kwa Jumbe, akasema mzee huyu siku hizi anawinda kwa ajili ya fisi. Nami nilikwisha waahidi wakwe wa Visiga nyama ya mwitu kwenye karamu. Jumbe akakata shauri: nikileta mnyama aliyechinjwa kabla ya arusi, gobore langu. Nisipoleta, la Mbaraka.

Kipupwe cha mwaka huu kibaya. Kusi inavuma usiku kucha, umande unakulowesha mpaka magotini. Mbaraka na wenzake walikuwa wanatoka alfajiri kila siku, wanatetemeka vichakani, jua likichomoza wanarudi mikono mitupu. Mimi nikabaki jikoni, pembe ya baruti nimeibana kwapani isipate unyevu. Alhamisi, kesho yake ndiyo arusi, Mbaraka akanipita.

"Mzee Mwinyimadi, bado unakunywa uji? Wanyama wamekwisha kwenda kulala."

Nikamwambia, "Ndiyo nawangoja walale."

Wakacheka sana. Wacheke.

Saa mbili nikatoka. Sikwenda mtoni wanakokwenda wao. Nikakizunguka kile kilima cha mihogo, nikashika upande wa kaskazini mashariki, ambako kusi haifiki na jua linapiga mapema. Wallahi Adamu, alikuwa pale. Mbawala dume, manyoya kayasimamisha kwa baridi, kakunja miguu kando ya kichaka, anaota jua kama mwenye nyumba. Wakati wa joto angekuwa amekwisha ingia msituni. Nikatambaa kwa tumbo. Hatua arobaini. Hatua thelathini, na zamani ningepiga hapo. Safari hii nikaendelea mpaka kumi na mbili, jicho lake nikaliona linasinzia. Nikainuka kwa goti moja, nikasoma bismillahi, nikapiga.

Hapo likatokea jambo. Kusimama nikashindwa. Umande na baridi vimelifunga goti, halikunjuki. Mbawala anarusha miguu, roho inatoka, nami nimekaa. Nikalitupa gobore, nikajikokota kwa mikono na goti zima, kisu mdomoni, kama mtoto anayefuata titi. Nikamlaza, nikamwelekeza kibla, nikachinja, damu ikaruka. Mbaraka alisikia mlio akaja mbio, akaikuta bado inaruka. Akavua kofia. Na wewe unamjua Mbaraka.

Yeye na wenzake walimbeba mbawala, kisha wakanibeba na mimi. Nilikubali kwa sababu sikutaka kuwavunjia heshima.

Wakwe wa Visiga walikula mpaka wakauliza mwindaji ni nani. Mwanakheri akanionyesha. Gobore liko ukutani kwangu, Jumbe amesema mbele ya watu wote.

Mama yako Mwanne anakusalimu, anasema usilale na nguo mbichi. Mwanakheri na mumewe wanakusalimu. Jumbe anakusalimu. Mbaraka naye kang'ang'ania nimwandike.

Nisalimie huyo mzee wako. Mwambie Chole kuna mtu anayewinda kwa baridi bila theluji. Kisha muulize, magoti yake yalipoanza kukataa, bunduki alimpa nani, na alimpa vipi hata asionekane ameshindwa. Usimwambie ni nani anayeuliza. Mbaraka kila asubuhi anakuja kulijulia hali goti langu, na jana nilimwonyesha namna ya kuweka baruti kwapani.

Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe kwetu mzima, miguu yote miwili.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Mwinyimadi