Uliniuliza Empaako Yangu

Bulindi, 9 Machi 2018

Binti ya kaka yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua na mvua hizi. Wengine hapa nyumbani wazima.

Sasa nikuseme. Baba yako tumemzika Jumanne na wewe hukuja. Dereva wa basi ameniapia kwamba habari alikufikishia mwenyewe. Watoto wa watu wakatupa udongo kaburini, wewe huonekani. Baba yako mdogo Balikenda akasimama mbele za watu akasema kaka yake hakuacha mtoto. Hata watu baki walikuja, hata kijana mmoja wa ndevu nisiyemjua, hana adabu, namkaribisha mlangoni ananipa kisogo. Wewe wa damu uko Kampala na kichwa chako ulichonyoa. Una moyo gani?

Usinipigie kwa jirani. Sitaki kugombana na watu wanasikia.

Shangazi yako,
Akiiki


Nansana, 2 Aprili 2018

Shangazi,

Shikamoo. Pole na goti, likande kwa maji ya moto. Mimi mwili mzima.

Nilikuja. Huyo asiye na adabu ni mimi.

Nilivaa koti la kuazima, nikafika jeneza bado liko ndani. Ukanitazama usoni, ukaniuliza: "Empaako yako nani, mwanangu?" Swali la kuulizwa mgeni! Swali la mpita njia anayeomba maji! Wewe uliyenilisha ugali wa ulezi na samaki wa moshi siku ya kupewa jina hilo la kupendea. Wewe uliyesema niitwe Atwooki, wenzako wote wakitaka Abwooli. Na Balikenda amesimama hapo hapo anasikia. Nikajua umenikana. Niliondoka kabla sijakutukana, na udongo wa baba sikuutupa. Hilo sijakusamehe.

Halafu barua nzima hujaniita empaako hata mara moja. Binti, binti tu. Mwaka wa tatu huu nachoma sindano za homoni, sauti imeshuka, ndevu zimeota, na ni za baba zile. Jina langu Byenkya.

Unauliza moyo. Muulize Kaggwa, fundi friji ninayekaa naye, mwanamume wa namna yangu, aliyenipokea mwenye nyumba aliponitupia godoro nje. Niliporudi kutoka huko nilijifungia, sili. Yeye na wenzetu ni watu wa Buganda, empaako hawana na hawaijui. Lakini walisonga ugali wa ulezi ukawa mabonge na uji, wakanunua samaki, wakakaa chini, wakaniuliza mmoja mmoja waniiteje. Kaggwa akajipachika empaako ya Araali bila kupewa na mtu. Nililia huku nacheka. Hao ndio niliomzika baba nao.

Kama huwezi kuniita, usiniandikie tena.

Mtoto wa Amooti,
Byenkya


Bulindi, 18 Septemba 2018

Atwooki,

Hujambo, Atwooki? Umekula, Atwooki? Goti linaendelea vizuri. Barua yako imekaa chini ya mto wangu tangu Aprili, kwa sababu kila nikishika kalamu nilitaka kukutukana.

Mjinga wewe. Nilikuuliza kwa sababu sikukujua! Niliona uso wa kaka yangu Amooti alipokuwa kijana, na Amooti yuko ndani ya jeneza nyuma yangu. Nikashika adabu niliyofunzwa, nikauliza. Ungejibu neno moja tu, ningekushika mkono nikupeleke kaburini wote wanatazama. Una mdomo wa nini?

Kisha hasira zikahamia kwa Balikenda. Kwenye kikao cha ukoo alisema aliyezaliwa binti hawezi kuwa mwana wa kiume, ni laana. Nikamwambia: "Watoto wote wa nyumba hii huniita mimi shangazi yao baba wa kike. Wake zako huniita mume wao na kunipigia magoti. Miaka yote hiyo hukuiona laana, umeiona leo?" Alianza kutafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Bado ananuna. Alileta saruji asakafie kaburi, nikamfukuza fundi wake. Halisakafiwi mpaka utupe udongo wako.

Desemba tunaondoa matanga. Njoo na koti lako mwenyewe. Njoo na hao wasonga uji, waone ugali unavyosongwa. Na huyo fundi friji mwambie empaako haijichukulii mtu kama embe sokoni. Nitampa mimi, ulezi nimeshauanika.

Nitasimama mlangoni pale pale, Balikenda karibu yangu, na nitakuuliza tena mbele ya watu wote. Safari hii ujibu, kwa hiyo sauti yako nzito.

Baba yako wa kike,
Akiiki