Mashine Haijachoka, Inasubiri

Shikamoo, bibi. Hili sijamwambia mtu: kesho nitamzuia mjomba asiuze mashine yetu ya kukamua alizeti. Yeye anasema imechoka. Mimi nimepima sehemu ya siku ambayo mashine inafanya kazi, nikazidisha kwa kasi yake ikilinganishwa na ya ilipokuwa mpya na kwa sehemu ya mafuta yanayotoka safi, nijue inatumia kiasi gani cha uwezo wake. Kasi na usafi havina tatizo. Muda ndio unaotuangusha. Kila mkulima hapa Iguguno anataka mafuta ya alizeti yake tu, kwa hiyo tunaizima na kuisafisha kila anapoingia mteja mwingine. Wenye gunia mojamoja wakikubali kuchanganya alizeti zao na kugawana mafuta kwa uzito wa alizeti ya kila mmoja, haitasimama hovyo.

Najua mjomba atacheka: "Wewe hata salamu unanong'ona, leo unanifundisha mashine?" Nitamjibu kwa kunong'ona hivyo hivyo.

Usimwambie mama, bibi. Akijua atanisemea, nami nataka kusema mwenyewe.