Kanga Niliyoificha

Didia, Jumanne, Agosti 1953

Leo pia paka hawakula. Siku ya tatu wako juu ya kihenge cha nafaka, tangu Baba alete mtoto wa mbwa wa kutulindia mbuzi. Fisi wamezidi.

"Kabula, wasipomzoea, waende zao porini," amesema Baba. "Fisi gani anaogopa paka?"

Lakini hawa ni paka wa Mama. Tangu tumzike, walikuwa wakilala mlangoni mwa chumba chake, mpaka mbwa alipokuja. Wakiondoka, nani mwingine atamngoja pamoja nami?

Nguo zake zote ziligawiwa siku ya kuondoa matanga. Kanga moja niliificha sandukuni, na hakuna ajuaye. Ilikuwa bado na harufu yake, moshi na samli. Jioni nilimfuta nayo mbwa mgongo, masikio na tumbo, mpaka akasinzia.

Paka mkubwa akashuka. Alimnusa kwa muda mrefu, kisha akalia kile kilio chake cha kumwita Mama, akajikunja ubavuni mwa mbwa, na wenzake wakamfuata.

Baba akacheka. "Umewapa dawa gani, mwanangu?"

Paka wamebaki. Nimejifunika kanga usoni, nikavuta pumzi.

Inanuka mbwa tu.